Kipande Kimoja Tu cha Karoti

Kila asubuhi mtunza farasi hupima nyasi kavu kwenye mizani, huziloweka ndooni mpaka sukari itoke, kisha humzungushia poni, yule farasi wa kimo kidogo, utepe wa kupimia shingoni na kuguna. Mwili wa mnyama umekuwa sugu kwa insulini. Maradhi yakishuka kwenye kwato, hatasimama tena. Na shingo inazidi kunenepa! "Nani kamlisha?" akauliza. Mpishi alimpa kipande kimoja tu cha karoti. Mlinzi naye, kimoja tu. "Kimoja tu, baba," akasema mama mwenye poni, "macho yake yananishinda." "Kumbe natwanga maji kwenye kinu!" akafoka mtunza farasi, mishipa ya shingo ikimtoka. "Vimoja vyenu vitamuua!" Siku ya kupimwa damu, daktari akauliza kama poni hajala kitu tangu jana. Mtunza farasi akainamisha kichwa. "Aliiogopa sindano," akasema. "Nimempa kimoja tu."