Plagi Yenye Rangi ya Chai

Mpaka leo nikiletewa chai nyeupe ya maziwa mengi moyo hunishtuka, na wala si kwa sababu daktari amenikataza. Ni kwa sababu ya pikipiki ya kaka yangu.

Kaka alibadilishana fahali na pikipiki. Jamani, mnisikie vizuri: fahali aliyetengwa kwa ajili ya mahari yake mwenyewe! Alimswaga asubuhi mpaka Tororo mjini, na jioni akarudi ameketi juu ya chuma kinachofuka moshi kama tanuri la matofali. Nilibaki mdomo wazi. Baba hakugomba hata kidogo. Alimtazama, akaingia ndani, na tangu siku hiyo hakumsemesha tena. Akiwa na neno alimpitishia mama: mwambie yule mwenye makelele afunge ndama. Na kaka kasimama pale pale, anasikia yote. Mimi niliwakasirikia wote wawili, kwa sababu kula ugali katikati ya watu wasiosemezana ni adhabu.

Kaka aliona dawa ni moja tu. Vijana wa Kihindi wa madukani na Wazungu wa kiwanda cha saruji walikuwa wakishindana pikipiki vichakani, nyuma ya mwamba wa Tororo. Akishinda baba akiona, baba atasema neno. Hata likiwa tusi, alisema, atalipokea kwa mikono miwili.

Ila pikipiki yenyewe ilikuwa mgonjwa wa kifua. Akaipeleka Busia, upande wa Kenya, kwa fundi mmoja Msamia. Fundi akafungua kabureta akamwonyesha jeti, kijiskrubu cha shaba chenye tundu la kupitishia petroli. Tundu likizidi ukubwa, injini inalewa, na plagi, ile inayotoa cheche za kuwasha petroli, inatoka nyeusi kama masizi. Akampa jeti za matundu madogo zaidi aende akajaribu kwetu, kwa kuwa kila pikipiki hupimwa kwenye njia yake. Kaka hakujua Kisamia, fundi hakujua Kidhopadhola, basi wakaelewana kwa Kiswahili: badilisha jeti, kimbiza, zima ghafla, fungua plagi utazame. Ikiwa rangi ya chai, acha hapo hapo.

Rangi ya chai! Ni nani asiyejua chai?

Basi ikawa kazi ni kimbiza, zima, fungua. Kaka analeta plagi ikiwa bado ya moto, ameishika kwa kitambaa, tunaiweka kando ya kikombe cha chai. Mwanzoni ilikuwa nyeusi. Baadaye ikawa rangi ya udongo, na pikipiki ikaacha kukohoa. Mama akaitwa aamue. Akaitazama, akasema bado, hiyo ni chai ya msibani, maziwa hayajafika. Kaka akatia jeti ndogo kuliko zote. Plagi ikatoka nyeupe-nyeupe, sawasawa na kikombe chetu. Na pikipiki, haki ya Mungu, iliimba. Moshi hakuna, sauti nyembamba tamu, mpaka majirani wakatoka kusikiliza.

Siku ya mashindano baba alikuja. Sikuyaamini macho yangu. Alisimama mbali na watu, fimbo kwapani, kama mtu anayepita tu. Kaka aliwaacha wote nyuma. Akatokea kwenye kichuguu mbele yetu, ile sauti tamu ikakatika ghafla, gurudumu la nyuma likaganda, na kaka akarushwa juu ya usukani. Nilipiga yowe. Baba alitupa fimbo akakimbia, mzee yule, nguo zikinasa miibani. Kisha kaka akainuka na viwiko vyake vilivyochunika. Baba akasimama njiani, akageuka, akaiokota fimbo yake, akaenda nyumbani bila neno.

Fundi aliposikia alivuka mpaka akaja kwetu mwenyewe. Alifungua injini uani, na pistoni ilikuwa imechubuka vibaya. Akawaka.

“Si nilikuambia rangi ya chai?”

“Na nilifanya rangi ya chai!”

Walikaribia kushikana mashati. Mama, ili awapoze, akaleta chai. Fundi alipokea kikombe huku plagi ikiwa mkono wa pili, na kabla hajanywa akaduwaa. Akatazama kikombe, akatazama plagi, akarudi kwenye kikombe.

“Mama, hii ni chai ama ni maziwa?”

Mama alikasirika. Kwetu kuna ng'ombe, alisema, mgeni hapewi maji. Ndipo fundi akaeleza, taratibu sasa, kwamba chai yake yeye ni ile ya kibanda cha sokoni, iliyotoneshewa maziwa tu, rangi ya udongo. Oili ya injini hii huchanganywa ndani ya petroli, kwa hiyo ukiinyima petroli hata plagi ikawa nyeupe, umeinyima na oili. Inaimba hivyo ikiwa inaungua.

Baba alikuwa kitini mlangoni. Akacheka kwanza, peke yake, kisha akasema kwa kile Kiswahili chetu cha mpakani, mgeni naye asikie:

“Ng'ombe yangu nalipa kisasi.”

Akamgeukia mama, kama kawaida yake, amtume neno. Akasita. Akamtazama kaka usoni.

“Mtoto yangu,” alisema, “kesho wewe nakunywa chai hapana maziwa.”

Plagi sasa ilikuwa mkononi mwa kaka, fundi alishampa aitazame. Ikamponyoka, ikabingiria mpaka miguuni mwa baba, na baba akainama akaiokota.