Rugemalira Aingia Dar Mchana

Kwa miaka ishirini na sita Rugemalira aliendesha basi la Bukoba kwenda Dar es Salaam, lakini Dar yenyewe hakuwahi kuiona vizuri. Aliingia usiku, hoi, akalala kwenye viti vya nyuma, alfajiri akageuza. Enzi za barabara ya vumbi safari ilikula siku tatu; lami ilipokuja, siku moja na ushee. Kilomita elfu moja mia nne, na kila kona aliijua kama shamba lake la migomba kule Kimwani, alikostaafia.

Mwaka huu binti yake Jovita, fundi cherehani huko Dar, akamtumia tiketi ya ndege.

"Nitapanda basi," Rugemalira alisema kwenye simu.

"Tata, una miaka sitini na nane na mgongo mbovu. Kwa ndege ni saa tatu tu."

"Saa tatu! Mimi ndiyo kwanza naiacha Biharamulo!"

Mkewe Klaudia ndiye aliyemaliza ubishi. Alimfungia senene wa kukaanga, akamwambia, "Nenda ukaniangalizie mtoto. Mimi miguu imegoma."

Ilibidi kwanza arudi nyuma hadi Bukoba, kwenye uwanja wa ndege. Huko wingu lilikuwa limelalia ziwa, ndege ikachelewa saa nzima. Hakulalamika, abiria wake walishawahi kusubiri zaidi ya hapo, tena matopeni.

Walitua Mwanza, wakaruka tena. Jirani yake kitini alikuwa Sada, mwalimu kijana wa Kagondo.

"Mwanangu, tuko wapi?"

"Nadhani tunapita Singida, mzee."

Rugemalira alichungulia. Mawingu matupu. Singida, alikowahi kukaa siku mbili akingoja springi ya basi!

"Angani ni kilomita elfu moja na kidogo," Sada alisema. "Ndege haizunguki kama barabara."

Mzee aligeukia tena dirisha. Kumbe kazi iliyommaliza mgongo ilikuwa ya asubuhi moja tu? Alipomweleza wazo hilo na miaka yake ya udereva wa basi, Sada alitikisa kichwa.

"Mimi chuo nilikwenda kwa basi, mzee. Nauli ya ndege tungeitoa wapi? Pengine ni wewe uliyenifikisha."

Rugemalira alicheka, akamfungulia senene.

Saa saba mchana walikuwa Dar. Jovita alimkumbatia, akampokea mzigo. "Twende nyumbani ukapumzike."

"Nimechoka nini? Nimekaa tu." Jua lilikuwa bado juu. "Unakofanyia kazi ni mbali?"

"Dakika arobaini, foleni ikituonea huruma."

"Nipeleke."

Kilikuwa chumba kimoja chenye vyerehani vitatu. Wasichana wawili waliinuka kumwamkia. Jovita alikuwa na gauni la mteja la kumalizia, akaketi. Rugemalira alitazama vidole vya binti yake vikisukuma kitambaa chini ya sindano, haraka, bila kusita. Alikuwa hajawahi kumwona akifanya kazi.

Jioni Klaudia alipopiga simu, alianza na safari. "Haya, ndege ikoje?"

"Achana na ndege," Rugemalira alimjibu. "Kaa chini nikuambie habari za Jovita."