Taa ya Chupa na Macho ya Bibi

Harufu ya mafuta ya taa ikinipiga puani, mpaka leo nainuka na kutoka nje. Watoto wangu husema mama anaogopa koroboi. Wacheke tu. Ninyi nitawaeleza.

Miaka ya tisini nilikuwa msichana wa kama miaka kumi, nikiishi na bibi yangu kijijini, Shinyanga. Kuni zilikuwa mbali, kwa hiyo alipikia samadi kavu ya ng'ombe, na giza likiingia akawasha koroboi. Moshi juu ya moshi. Macho yake yakawa mekundu kama pilipili. Siku zile, bibi kizee mwenye macho mekundu aliitwa mchawi, na wengine walikatwa mapanga kwa ajili hiyo. Hayo niliyasikia, sikuyatia akilini. Nilijua tu kwamba macho yanamuuma.

Mjomba, mchimbaji wa dhahabu huko Geita, akaniletea kipande cha sola kipana kama kiganja na betri za kuchaji. Nikaunga nyaya na balbu ya tochi, nikatia kwenye chupa ya jamu, sola nikaibandika juu ya kifuniko kwa lami. Kutwa ilianikwa juani kama mtama. Jioni ikawaka, haina moshi.

Bibi akaitazama weee. “Mchana inakula, jioni inacheua. Ng'ombe huyu.”

Nikaining'iniza dirishani. Siku ya tatu jirani yetu, Mama Kabula, akapita bila kumpa bibi shikamoo. Kisimani, binti yake Kabula akanikejeli mbele ya wenzetu: “Bibi yako alikuwa anafuga fisi wa kichawi, sasa anafuga na mwezi kwenye chupa!”

Nami mjinga nikajivuna. “Ndiyo! Taa ya bibi haitaki mafuta wala kiberiti. Kwenu mnayo?”

Nilipomsimulia bibi, hakunichapa. Alikaa chini.

Asubuhi akanishika mkono, chupa kwapani, hadi kisimani walipojaa wanawake. “Fungua. Toa kimoja kimoja, utaje jina.”

Nikataja huku nalia. Betri. Waya. Balbu ya tochi.

“Na hicho cheusi?” akauliza Mama Kabula.

“Sola. Kaleta mjomba.”

“Kinakula nini?”

“Jua.”

Bibi akaichukua chupa na kile kifuniko cha sola, akavipiga kwenye jiwe vikavunjika. “Mmeona? Chupa ya jamu.”

Kisha Mama Kabula, macho chini: “Shikamoo, mama.”

“Marahaba.”

Nilimnunia bibi muda mrefu. Kazi yangu yote, na niliifanya kwa ajili ya macho yake! Nimekuja kuelewa nikiwa mtu mzima, nami nina watoto. Vitu viwili vingeweza kumuua mwanamke yule, taa isiyoeleweka na macho yale. Akavunja kile kilichoweza kuvunjika.

Jioni ile aliwasha koroboi akaiweka mlangoni, mlango wazi, kila apitaye auone moshi. Akakaa pembeni yake, akipangusa macho kwa ncha ya kanga.