Kengele Asiyoisikia Bi Subiri

Wateja wa maduka matatu walimjua Bi Subiri bila kumwona. Ukifungua tovuti ya magodoro, ya miwani au ya mapazia, chini pembeni ulikuta kidirisha cha maongezi, na ukiandika lolote humo, dakika haiishi umejibiwa: "Subiri kidogo mpendwa, nakuangalizia." Jina hilo alilipata zamani, alipokuwa opereta wa simu, akiwaambia watu wasubiri kidogo awaunganishe. Enzi hizo masikio yake yalikuwa mazima.

Sasa hayasikii kitu. Yalianza kufifia miaka kumi na moja iliyopita, la kushoto likitangulia, la kulia likifuata nyuma. Hakumwambia mtu. Alijifunza kusoma midomo, alijifunza kucheka wenzake wakicheka, na simu alidai tu kwamba amezichoka, zimemla ujana wake wote. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini wahenga hao hawakuwahi kutafuta kazi wakiwa na miaka hamsini na saba.

Kazi alipewa na binti wa kaka yake, aliyeachiwa maduka na marehemu baba yake. Bi Subiri ndiye aliyemlea binti huyo tangu akiwa na miaka minne. Leo binti ndiye bosi, na mbele ya wafanyakazi bado anamwamkia shangazi yake kwa kuinama.

Kuandika ndiko kulikomrudishia Bi Subiri watu. Na siri yake ilikuwa mezani, mbele ya macho ya kila mtu. Kando ya kompyuta palikuwa na spika ndogo. Ujumbe ukiingia spika hulia, ubao wa meza hutetemeka kidogo sana, na kiganja cha kushoto cha Bi Subiri kilikuwa hapo saa zote. Wenzake walidhani ni madaha ya uzee.

Taabu ilianza binti alipochoka na vidirisha vitatu tofauti, mteja wa mapazia akiachwa hewani huku wa magodoro akihudumiwa. Akaamua kununua mfumo mmoja wa tovuti zote. Mifumo miwili ilifika fainali: wa kwanza una roboti ya kujibu yenyewe, na mteja akitaka anabonyeza kitufe anaongea kwa sauti; wa pili ni wa kuandikiana tu. Kila mmoja ungejaribiwa wiki nzima. Bi Subiri hakuhitaji kuambiwa kwamba wa kwanza ukishinda, kiti chake hakina mkaaji.

Basi asubuhi ya wiki ya kwanza binti akaja na zawadi: hedifoni mpya, nene, za bei.

"Shangazi, hizi zitakusaidia usisumbuliwe na makelele ya ofisi," alisema, akaiondoa spika na kuipeleka stoo.

Makelele! Angesema nini, maskini? Alizivaa, akashukuru, na tangu hapo akawa amekaa kizani mchana kweupe, maana mfumo ule ulitangaza ujumbe kwa mlio tu. Wateja kumi na wanne, ambao roboti iliwashindwa ikamwachia yeye, waliondoka bila jibu. Mwingine aliyenunua miwani aliuliza mara nne kama anaweza kulala nayo. Alipojibiwa, nadhani alikuwa ameshaamka.

Ijumaa muuzaji wa mfumo ule alikuja na ripoti yake. Bi Subiri aliwaona kupitia ukuta wa kioo wa ofisi ya binti, na midomo ya yule bwana ilisomeka vizuri mno.

"Bosi, mfumo hauna tatizo. Tatizo ni mtu. Huyu mama anamkalisha mteja dakika kumi na moja. Roboti yetu ni sekunde mbili."

Iliuma. Ilimuuma kuliko siku daktari alipomwandikia kwenye karatasi kwamba hakuna dawa. Alisubiri wenzake waende kula, akavua hedifoni, akazilaza mezani na kuweka kiganja juu yake. Zilitetemeka kidogo. Akafumba macho apate kuzisikia vizuri.

Alipofumbua, binti alikuwa amesimama ubavuni. Amesimama muda gani, ameita mara ngapi, Mungu ndiye ajuaye. Aliutazama ule mkono, akamtazama shangazi yake.

"Endelea tu, Shangazi," midomo ilisema, na akaenda zake.

Wikiendi hiyo Bi Subiri hakulala. Jumatatu akaja muuzaji wa pili, kijana mwenye tai fupi. Safari hii binti aliketi akiupa ukuta wa kioo mgongo, hivyo Bi Subiri aliisoma midomo ya kijana peke yake, nayo ilikuwa imeshangaa.

"Iwake? ... Iwake vipi, bosi? ... Skrini nzima? ... Ndiyo, inawezekana, ni kurekebisha mipangilio tu. Lakini hujauliza bei. Hujauliza hata ripoti!"

Bi Subiri hakuelewa kitu.

Asubuhi ya pili yake aliikuta kompyuta ina mfumo mpya, na hedifoni hazipo. Akakaa. Mara skrini nzima ikawaka njano, nusura amwage chai. Mteja wa tovuti ya mapazia, asiye na jina, alikuwa ameandika:

"Shangazi, ni mimi. Tangu lini?"

Aliinua macho. Ng'ambo ya kioo binti alikuwa amempa mgongo, kichwa kimeinamia simu. Vidole vya Bi Subiri vikaandika vilichozoea: "Subiri kidogo mpendwa." Kisha vikaandika tena.

"Tangu ulipokuwa sekondari. Sauti zilikuwa zinaondoka moja moja. Yako niliing'ang'ania, ikawa ya mwisho."

Njano.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa utaacha kuongea na mimi."

Mabega ya binti yalikuwa yakitikisika, na Bi Subiri naye hakuziona herufi vizuri. Halafu njano ikawaka, na ndani yake yalikuwamo maneno ambayo mtoto yule alikuwa akiyapiga kelele mlangoni kila siku atokapo shule, maneno yaliyopotea miaka mingi.

"Shangazi, nimerudi!"

Bi Subiri alijifuta macho kwa kiganja cha kushoto, ambacho sasa hakikuwa na kazi nyingine.

"Karibu mwanangu," aliandika. "Umekula?"