Maroboti ya Eda

Mama mkubwa alipoingia eda, familia iliniteua mimi niende Pangani kukaa naye. Sina mume, na asiye na mume, kama mjuavyo, hana shughuli. Baba mkubwa alikuwa ametoka asubuhi kwenda Muheza kununua machungwa, akaanguka sokoni, akarudishwa amefunikwa shuka. Tangu hapo mama mkubwa alikuwa hasemi, na chakula tulimbembeleza kwa vijiko vya uji.

Wageni hawakukatika. "Pole, ndiyo mapenzi ya Mungu." Akitoka huyu, anaingia yule na maneno yale yale. Mimi nikajificha pembeni ya kitanda na kompyuta yangu, natazama katuni za Kijapani za maroboti makubwa.

Wala sizitetei. Dunia inataka kuangamia, majeshi yote yameshindwa, kwa hiyo wakubwa wenye akili timamu roboti wanamkabidhi mwanafunzi asiyeweza hata kuamka mapema, aingie ndani aliendeshe. Roboti linapigwa. Mwanafunzi anapiga kelele, na kelele, kwa ufundi wanaoujua wao, zinaongeza nguvu za injini. Linachomoa upanga mrefu kuliko mji. Kabla ya kupiga, analitaja jina la pigo, na adui, mstaarabu yule, anangoja amalize.

"Anampigia nani kelele?" mama mkubwa akauliza alasiri moja.

Nusura niiangushe kompyuta. Nikamtafsiria. Kesho yake alikula wali huku anatazama, na haikupita wiki akawa mjuzi. "Sasa litaanguka. Haya, linainuka hilo!" Alijua kila kitakachotokea na bado alikingoja kwa hamu, mradi kije na vishindo kuliko vya jana. Nami nilifurahi mno kusikia sauti yake.

"Mfiwa na vikatuni!" wifi yake akaguna.

"Basi nanyi njooni na neno jipya," akamjibu.

Siku moja, kwenye katuni, kamanda mzee akaanza kumuaga mkewe redioni akiwa ndani ya roboti lake. Nilijua anakufa, nikanyoosha mkono niruke kipande hicho. Mama mkubwa akaushika. Roboti linaungua, hewa imekwisha, na mzee bado anahutubia: amemsamehe mkewe, naye amsamehe, anamshukuru kwa kila siku.

"Mtu anayekufa ataweza wapi maneno yote hayo?" nikacheka.

Yeye hakucheka. "Mwache aseme. Baba yako mkubwa aliniuliza tu kama mkaa upo, akatoka."

Mzee akalipuka. Mama mkubwa akajifuta uso kwa upande wa kanga.

"Rudisha nyuma," akasema. "Aage tena."