Tundu Katika Paa la Monasteri

Harufu ya uji wa ngano uliogandia vidoleni hunirudisha hadi leo kwenye ua wetu wa Quakers Hill, ng'ambo tulikohamia, majira ya baridi yale ya Korona, tulipokatazwa kutembeleana nami nikiwa na miaka kumi na miwili. Uji ule ulikuwa gundi yangu. Nilikuwa najenga monasteri kwa maboksi.

Aliyeniagiza ni Shosho Anahiti, bibi mzee jirani yetu kutoka Armenia. Mama alizoea kumpitishia chapati juu ya uzio, naye akarudisha sahani imejaa aprikoti kavu. Kila mwaka Shosho alisafiri kwao siku ya kumkumbuka marehemu mama yake, akasimama ndani ya monasteri ya mlimani walikokuwa wakisali pamoja. Mwaka ule ndege hazikuruka. "Nijengee wewe," aliniambia, nusu mzaha, mkononi ameshika picha. "Nataka niuone tu ule mwanga."

Basi, mimi upande huu wa uzio, yeye upande ule, barakoa usoni, nikafundishwa. Watawa waliijenga zaidi ya miaka mia nane iliyopita, wakanakili vitabu humo kwa mkono, na majeshi yalipokuja wakavificha mapangoni. Kila ukuta una nyuso mbili za mawe ya kuchongwa, na katikati yake kokoto na chokaa. Ndiyo maana matetemeko yaliutikisa, nao haukuanguka. Kanisa lina umbo la msalaba, na kuba lake limevikwa paa lililochongoka kama la msonge. Hapo nilicheka, maana nilidhani misonge ni yetu peke yetu. Mbele ya kanisa upo ukumbi wa nguzo nne, hauna madirisha. Matao yake hupishana juu, na pale katikati paa limeachwa wazi.

Siku ya kumbukumbu yenyewe ilipofika, Baba, mtoto wa mwashi wa Kakamega, aliikagua kazi yangu nikiwa ndani navaa. Akaliona lile tundu. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Naye akaziba, akapaka rangi hata alama isionekane. Kwake, fundi hana aibu kubwa kuliko paa linalovuja.

Tukaipitisha juu ya uzio. Shosho akaiweka juani, akapiga magoti kwa shida, akachungulia mlangoni.

"Giza," alisema.

Baba akakohoa. "Pole, Mama, ni mimi nimeziba. Tungemjengea Mungu halafu mvua imnyeshee?"

Shosho alicheka mpaka barakoa ikamshuka. "Miaka mia nane inamnyeshea, na hajalalamika!" Kisha akatueleza kwamba mafundi wa kale walilitoa tundu lile kwenye nyumba za wakulima, juu ya meko, moshi utoke na mwanga uingie. Baba akalitazama tena lile paa. Nadhani kimawazo alikuwa amerudi jikoni kwa mama yake.

"Lete kisu," akaniambia.

Aliinama juu ya uzio, akakata. Mwanga ukashuka kimshazari, ukatua chini ya nguzo ya kushoto.

"Hapo," Shosho akanong'ona. "Mama alisimama hapo."

Leo mipaka iko wazi. Shosho huenda kwao atakapo, nasi tunapungiana mikono tu nikikimbilia treni. Monasteri yetu imelegea kuta juu ya kabati lake. Siutamani ugonjwa ule urudi, ila sijapata tena majira marefu ya kumjengea mtu mmoja kitu kimoja. Siku hizi naandika riwaya, na kila nikutapo sura niliyoiziba vizuri mno, mpaka mwenyewe sioni ndani, humsikia Baba pale uzioni: lete kisu.