Yowe la Malkia katika Ghala la Pamba

Mageni alipewa umalkia kwa sababu moja tu: aliishi jirani na ghala. Ufalme ulimwendea Jashvant mwenye duka, kwa kuwa redio kaseti ilikuwa yake, na Kishapu nzima hakuna aliyewahi kupata kiti kwa njia safi kuliko hiyo. Maduhu, mlinzi wa ghala, aliigiza vichwa vyote vya joka la ziwani. Kimoja alikisemesha ndani ya debe, kingine ndani ya mtungi. Cha mwisho kilikosa chombo, kikapewa mafua.

Riwaya iliyowapa vyeo hivyo ilikuwa ya mwalimu mstaafu Theonest, yenye kurasa nyingi kuliko wasomaji. Ndiyo maana akaigeuza mchezo wa kaseti: asiyesoma, na asikie.

"Mama Justa," alimwambia Mageni, "joka limemmeza mumeo. Piga yowe."

"Yoo," akasema Mageni, kama mtu anayeagiza chumvi.

"Ah, Malkia!" Jashvant akalalamika. "Mimi nimemezwa mzima mzima, wewe unaniaga kama naenda Shinyanga kuleta sabuni!"

Wakacheka. Mageni hakuona kibaya wala cha kuchekesha. Moyo wake ulikuwa umekufa ganzi kama mguu uliolaliwa. Tangu ije habari kwamba shimo la dhahabu kule Geita limemfukia mumewe Bujiku, hakulia. Shemeji zake walimkataza: mwili haujaonekana, yowe halipigwi, akirudi je? Akangoja. Pamba ikavunwa, ikapandwa, ikavunwa. Si mke, si mjane.

"Mara ya mwisho," Theonest akasema. "Ukishindwa, umalkia nampa Maduhu."

"Debe la malkia ninalo," akasema Maduhu.

Mageni alitaka kubaki. Si kwa sifa. Humo ghalani ndimo pekee alimoruhusiwa kufiwa.

Akafumba macho, akafungua mdomo. Kilichotoka hakikuwa cha malkia yeyote. Kilikuwa mwano, lile yowe la Kisukuma ambalo ukilisikia unatupa jembe na kukimbia, maana asiyeitika hutozwa ng'ombe, na anayelipiga bure hutozwa zaidi. Mwalimu alikuwa amefikiria kila kitu isipokuwa majirani.

Sungusungu, walinzi wa kijiji, wakaingia na pinde, wanawake nyuma yao. Serafina alikuja na kuni kabisa; huyo hajawahi kuchelewa msiba.

"Kuna nini?" akauliza Herman, mkubwa wa sungusungu.

"Hakuna kitu! Ni mchezo," Theonest akasema. "Kuna joka..."

"Mwano wa mchezo?" Herman akamtazama kama anayechagua ng'ombe zizini. Maduhu akachomoa kichwa mtungini taratibu.

Herman akageuka. "Mama Justa, nani kafa?"

Mageni alisema kweli, kwa kuwa uongo ulihitaji nguvu.

"Bujiku."

Herman akavua kofia. Shemeji mkubwa alikuwa pale mlangoni; akauegemeza upinde wake ukutani. Mwano ulioitikiwa na kijiji haurudishwi nyuma kama kaseti. Serafina akatua kuni. Wanawake wakaangua vilio, vile vile ambavyo Theonest alikuwa amevitafuta wiki nzima.

Mageni hakulia. Alisogea kidogo juu ya gunia la pamba, wenzake wapate pa kukaa. Mfalme, aliyekuwa bado tumboni mwa joka, akatoka kwenda dukani kuleta sukari ya msiba.